Karamu ya Watu Weusi

Banderoli ilikuwa tayari imetundikwa nilipofika. Ilivuka barabara ya Mbugangari, mtaa wetu wa Gisenyi, kutoka nguzo ya umeme hadi paa la muuza vipuri, nyeupe kama shuka mpya, na maandishi yake mekundu yalisomeka hata na mtu aliyebebwa nyuma ya pikipiki inayokimbia: KARAMU YA WATU WEUSI. JUMAMOSI SAA NANE. UKUMBI WA VIJANA. WOTE MNAKARIBISHWA.

Mimi nilikuwa nimesema kalamu.

Nilimtamkia Tuyishime kwenye simu polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Ka-la-mu ya watu weusi. Sikumwandikia ujumbe kwa sababu Tuyishime, fundi wa mabango anayetoka Mahoko, hupenda kusikia sauti ya mteja. Anasema sauti humwambia atumie rangi gani. Sauti yangu ilimwambia nyekundu, na hapo hakukosea.

Nilimkuta kibandani kwake akisafisha brashi.

"Tuyishime, umeandika nini pale juu?"

"Kile ulisema. Karamu."

"Nilisema kalamu."

"Ndiyo, sha. Karamu." Akachomoa kalamu nyuma ya sikio lake akanionyesha. "Hii. Ikaramu. Hakuna mutu Rubavu hajui ikaramu."

"Hicho ni Kinyarwanda. Kwa Kiswahili karamu ni chakula. Ni watu wamekaa chini wanakula pilau."

Aliifikiria pilau kwa muda. "Bon," akasema. "Basi watakula, wataandika."

Kina mama wa vibanda vya jirani walicheka. Mimi sikucheka. Nina stashahada ya uandishi wa habari, nimesoma Kiswahili mpaka nikajua kila ngeli inapolala, na jina la shughuli yangu lilikuwa linaning'inia juu ya barabara likiwa na kosa la herufi moja. Nikamwambia mbele ya wale kina mama kwamba mtu asiyejua tofauti ya L na R asishike brashi. Nikaongeza kwamba watu kama yeye ndio wanaotufanya tuonekane washamba.

Tuyishime aliukamua ule ulimi wa brashi kwa vidole, taratibu.

"Tuonekane washamba kwa nani?" akauliza.

Mimi swali likinibana huondoka. Niliondoka.

*

Tulikuwa vijana watano. Kwa mwaka mzima tulikutana kila Jumamosi kusomeana mashairi ya watu weusi wa kila bara: ya wajukuu wa waliouzwa ng'ambo, ya waliotengewa milango na mabenchi, ya wanaoimba nywele zao na pua zao bila kumwomba mtu radhi. Tuliyatafsiri kwa Kiswahili chetu cha Gisenyi, kile cha mutu na muzuri, kisha tukaanza kuandika ya kwetu. Sasa tulitaka mtaa utusikie.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia wenzangu. Ukweli ni kwamba mimi nilitaka mtu mmoja tu asikie.

Mtu huyo ni mama yangu mdogo, Saidati. Mama aliponizaa akaolewa tena mbali, Saidati ndiye aliyebaki nami akanilea. Nimekua chini ya meza ya mashini yake ya kushona, nikiokota vipande vya vitenge na kuvipa majina. Kwa sababu ya majina hayo akaniita Mama Maneno, na jina likaganda. Mtaani wengine hawajui kwamba naitwa Nadra.

Miezi minne kabla ya banderoli, Saidati alishona mapazia ya hoteli ninayofanya kazi. Ni hoteli ya kando ya ziwa. Mimi nakaa mapokezi. Ukumbi wake wa chakula una madirisha ishirini yanayotazama maji, na kila dirisha alilishonea pazia jeupe lenye pindo la kitenge cha buluu. Yeye huyaita rido. Alishona rido hizo wiki sita, macho yakamwasha, na siku zilipotundikwa akasema anakuja kuziona.

Langoni kwetu pana desturi moja. Mzungu akifika, lango hufunguka kabla hajalifikia. Mweusi akifika, huulizwa anamtafuta nani. Hakuna aliyeiandika popote. Siku hiyo mlinzi alikuwa Théogène, mtu wa Nyamyumba, na kwa kuwa alimjua Saidati hakumuuliza kitu. Saidati aliingia amevaa gauni lake la Idi na mkoba wa vipande vya kitambaa begani. Alinisalimia kwa nyusi, maana nilikuwa na wageni, akapita moja kwa moja hadi ukumbini. Kupitia kioo nilimwona akitembea dirisha kwa dirisha, akigusa pindo moja baada ya jingine kama mtu anayehesabu vichwa vya watoto wake.

Kisha mgeni mmoja mzungu aliinuka kwenye chai yake akaja kwangu. Hakuwa na sauti kubwa. Aliniuliza wachuuzi wanaingiaje humu ndani. Akasema amelipia utulivu. Akamwonyesha Saidati kwa kidole, na akasema nimtoe.

Ninajua Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha zote nne zilikuwa kinywani mwangu. Ningeweza kusema, huyu ndiye aliyeshona kila kitu kinachokukinga jua hapo ulipokaa. Ningeweza kusema, huyu ni mama yangu. Nilisema samahani, kwa Kiingereza safi kabisa, nikainua mkono nikamwita Théogène.

Kupitia kioo nilimwona Saidati akiinamisha kichwa mbele ya pazia. Aliinama kwa muda mrefu. Théogène alisimama pembeni yake, halafu wakatoka pamoja kwa mlango wa jikoni.

Niliporudi nyumbani nilimkuta anashona. Akaniuliza, "Nadra, umekula?"

Ni hayo tu. Nadra. Tangu siku hiyo hajawahi kuniita tena Mama Maneno. Hakuniuliza habari za kazi, hakupita tena barabara ya ziwani, na kila nilipoanza kulisema jambo lile alikanyaga mashini, na mashini ile ikikanyagwa husikii kitu kingine. Basi nikaandika shairi. Lakini Saidati haendi kwenye mambo ya kusikiliza watu wakisema. "Mi siende ku maneno," husema. "Maneno iko mingi hapa nyumbani." Nilikuwa nimemwalika mara tatu, na mara tatu mashini ilijibu.

*

Jioni ile ya banderoli nilikuta mashini imenyamaza. Saidati alikuwa uani akisugua sufuria yake kubwa kwa majivu, ile anayopikia pilau ya maulidi.

"Nimeona banderoli yenu," akasema. "Iko muzuri. Mutapika nini?"

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba ni kalamu. Kwamba hakuna chakula, kuna mashairi, na kwamba Tuyishime ni mjinga.

"Karamu ya watu weusi," aliendelea, "na hakuna mutu alikuja kuniuliza sufuria. We Nadra unajua nani iko na sufuria kubwa kuliko hii, Mbugangari yote? Munaita watu, munaandika kwa rangi nyekundu, na hamujui mutapika nini."

"Bado hatujapanga, Mama."

"Watoto wa siku hizi. Bon. Nitaongea na wenzangu. Mi nitaleta pilau. Wa kuleta sambaza za ziwani watapatikana. Karamu ya watu weusi watu wakose kula, tutaonekana namna gani?"

Kwa mara ya pili katika mambo yaliyonihusu mimi na yeye, nilinyamaza. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa woga. Mara hii nilinyamaza kwa sababu nilitaka aje, na kalamu isingemleta.

*

Jumamosi saa nane kasorobo, ukumbi wa vijana ulikuwa na watu wa aina mbili, na ungeweza kuwatenganisha kwa kuangalia mikono yao.

Waswahili wa mjini walikuwa wamesoma karamu wakaelewa karamu. Walikuja na sufuria, mabakuli yaliyofunikwa kwa vitambaa, na mkeka. Saidati aliingia na pilau yake ikiwa kwenye toroli inayosukumwa na Tuyishime, ambaye hakunitazama. Nyuma yao ikaja sombe, kisamvu cha kwetu, zikaja sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani, za moto bado, harufu yake ikawafikia watu wa barabarani.

Wa upande mwingine, wale wanaosema Kinyarwanda kwao, walikuwa wamesoma ikaramu wakaelewa kalamu. Walikuja na madaftari. Wengine walikuja na vitambulisho. Na mmoja wao, kofia mkononi, kalamu ya buluu mfukoni mwa shati, alikuwa Théogène.

Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yetu ya mbele, akamuuliza mwenzangu Illuminée, "Wanaandikia wapi?"

"Wanaandika nini?"

"Si munaandika watu weusi? Nimekuja mapema nisikose orodha. Nimetoka Nyamyumba na pikipiki, donc msinirudishe."

Saidati alimsikia. Aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria. "Na hapa nani haiko mweusi?" akasema. "Mutahitaji daftari kubwa."

Watu wakacheka, kisha Théogène akamwona aliyesema. Kicheko chake kikakatika. Nilikuwa nimesimama katikati yao na karatasi zangu, nikazigeuza kifudifudi, kwa sababu Théogène alikuwa ndani ya shairi langu. Alikuwa mstari mzima. Niliuandika nikiwa na hakika kwamba mtu wa Nyamyumba hawezi kupanda pikipiki kuja kusikiliza mashairi Mbugangari.

"Mama Saidati," akasema, akiinama kidogo.

"Théogène. Kaa. Chakula iko karibu."

Ndipo Illuminée akasimama mbele, akakaribisha watu, akaeleza kwamba kutakuwa na mashairi kwanza. Mnong'ono ukapita. Saidati alinigeukia polepole, mwiko mkononi.

"Mashairi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe haikuwa karamu."

"Ilikuwa kalamu."

"Karamu, si ndiyo nasema." Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Na we ulijua, tangu siku ile nasugua sufuria."

"Nilijua."

Niliona anaipima ile sufuria kwa macho, na toroli, na mlango. Kisha akakaa kwenye mkeka karibu na pilau yake, kama mtu anayeilinda. "Pilau haiwezi kurudi nyumbani," akasema. "Semeni haraka."

Illuminée alisoma la kwanza. Ni binti mweusi tii, na tangu shule ya msingi ameitwa igikara, neno la Kinyarwanda ambalo watu hulisema kana kwamba wanamhurumia mtu kwa kuungua. Miaka miwili alijipaka mukorogo uliovushwa kutoka Goma, ngozi ikachubuka shingoni. Shairi lake ni la siku aliyoutupa mkebe ule chooni. Linaanza kwa hasira, halafu katikati linaacha hasira na kuanza kuhesabu vitu vyeusi vinavyopendwa: mbegu ya papai, udongo wa volkano unaotoa viazi vikubwa kama vichwa, tone la usiku ndani ya macho ya mtoto. Alipofika kwenye shingo yake mwenyewe, bibi mmoja wa upande wa mabakuli akapiga kigelegele, wa upande wa madaftari wakajibu kwa makofi, na ukumbi ukawa mmoja kwa mara ya kwanza.

Halafu ikawa zamu yangu.

Nilifikiri kuruka ule mstari wa mlinzi. Nilitazama karatasi, nikamtazama Théogène na sahani yake tupu magotini. Nikaona kwamba nikiuruka, nitakuwa nimenyamaza mara ya tatu. Nikasoma.

Niulizeni mimi mwenye lugha nne
siku ile nilisema nini.
Nilisema samahani.
Nikamwomba radhi aliyekosa,
nikamtoa nje aliyekosewa.

Mwanamke mweusi alilivalisha ziwa,
dirisha kwa dirisha,
wakamwambia ziwa si lake kulitazama.
Mkono wake wanautaka kwenye kila pindo.
Mguu wake hawautaki sakafuni.

Karani mweusi akamwita mlinzi mweusi
amtoe mama mweusi,
na mgeni akarudi kwenye chai yake
kabla haijapoa.

Théogène alikuwa ameiweka sahani chini. Saidati alikuwa ameacha kuitazama sufuria na kunitazama mimi, uso wake umefungwa kama mlango wa duka siku ya Ijumaa saa saba. Niliendelea.

Akainamisha kichwa, mama yangu,
machozi yakadondoka
kwenye kitambaa alichoshona mwenyewe,
na mimi nikaona kupitia kioo
jinsi mtu anavyovunjika bila sauti.

"Hapo hapana," akasema Saidati.

Niliacha kusoma.

"Machozi ya nani?"

"Yako, Mama."

"Mi nililia lini?" Alikuwa ameinuka, mwiko bado mkononi. Hakupaza sauti. "Nadra, uliniona nalia?"

"Nilikuona umeinama. Uliinama sana. Mabega..."

"Niliinama. Pindo ya dirisha ya saba ilikuwa na uzi imetoka. Uzi murefu namna hii." Akaonyesha kwa mwiko. "Unataka niache rido yangu inaning'inia uzi, watu wa dunia nzima wanakunywa chai wanaiangalia, waseme Saidati wa Mbugangari hajui kumaliza kazi? Sikuwa na makasi. Niliukata na meno."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Huyu alikuja," akasema akimwonyesha Théogène, "akaniambia, mama, wamesema utoke. Mi nikamwambia, ngoja. Muulize kama sikumwambia ngoja."

Macho yote yakamgeukia Théogène. Aliinuka, kofia ikizunguka mikononi mwake.

"Aliniambia ngoja," akasema. "Nikangoja. Radio yangu ilikuwa inaita, Théo, Théo, mbona hajatoka. Nikaizima. Uzi ulikuwa mugumu. Mama akaniambia nishike kitambaa kiwe wima. Nikashika." Akainua kofia wima kwa mikono miwili. "Nilishika mpaka amemaliza. Halafu nikamtoa. Kumutoa, nilimutoa. Hiyo ni kweli, dada ameandika sawa. Kila siku nafikiri."

"Alishika muzuri," Saidati akasema. "Bila yeye ningepasua."

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani ni yule bibi wa vigelegele. Kicheko kilitoka upande wa mabakuli kikavuka hadi upande wa madaftari, na hakikuwa cha dhihaka. Walikuwa wanaliona lile jambo: mgeni anasubiri utulivu wake, redio inaita, na mama mmoja na mlinzi mmoja wamesimama mbele ya ziwa wanamaliza pindo. Mtu akarudia, "Nikamwambia ngoja," na wakacheka tena, wakalirudia wengine, ngoja, ngoja, likawa kama kiitikio cha shairi ambalo sikuwa nimeliandika.

Ni mimi peke yangu niliyekuwa nalia.

Saidati alinijia pale mbele. Alinifuta uso kwa kona ya mtandio wake, kwa nguvu, kama alivyonifuta nilipokuwa mdogo na nimekula embe.

"Miezi minne, Mama," nikasema kwa sauti ya chini. "Miezi minne hukuniita jina langu."

"Ulitegemea nikuite Mama Maneno? Maneno yako ilikuwa wapi?" Naye aliteremsha sauti. "Huyo muzungu simujui. Alisema ile anajua, akaenda kwao. Mi nilikuwa nageuka naona mukono yako juu, unaita mulinzi. Mukono ile nimeilisha mimi."

Sikusema samahani. Neno hilo nilikuwa nimelitumia vibaya, na halikunitosha.

"Ile pa mwanzo uliandika kweli," akasema. "Ya lugha nne. Ile usifute hata kidogo. Iache watu waisikie. Lakini ya machozi toa. Mi sitaki watu wanihurumie kwa kitu sikufanya."

Nilitafuta kalamu. Mimi, niliyegombana mbele ya mtaa mzima kwa ajili ya neno hilo, sikuwa nayo. Théogène alichomoa ile ya buluu mfukoni mwa shati akaniletea.

"Nilikuja nayo niandikwe kwa orodha," akasema. "Andikia wewe."

Nilikaa kwenye ukingo wa jukwaa nikafuta mistari mitano. Walinisubiri. Wengine wakaanza kupakua, na hakuna aliyeona ni kukosa adabu. Saidati alimpelekea Théogène sahani ya kwanza, pilau juu, sambaza pembeni. Illuminée alikuwa akimweleza Tuyishime jambo, na Tuyishime alikuwa akiniangalia kwa pembe ya jicho kama mtu anayesubiri kugombezwa tena. Nilimwita.

"Ulisema watakula, wataandika."

"Nilisema."

"Uliniuliza tuonekane washamba kwa nani. Nilikuwa nimebeba lile la hotelini nikakubwagia wewe. Nisamehe."

Alikuna kichwa. "Nirekebishe herufi? Banderoli ingali juu. Ngazi iko."

"Iache."

Nilisoma tena kutoka mwanzo. Nilipofika kwa mgeni na chai yake, shairi likaendelea hivi:

Mama yangu akasema: ngoja.
Ufalme wote ukasimama nyuma ya uzi mmoja.
Akainama, si kwa mtu.
Akakata kwa meno yake mwenyewe,
akaweka sawa pindo,
ndipo akatoka.
Mapazia yake yamebaki ndani.

Ukumbi uliitikia "ngoja" kabla sijamaliza kuitamka, vinywa vingine vikiwa vimejaa pilau.

Nilipokaa, Saidati alinisogezea sahani. "Muzungu umemwandika muzito sana," akasema. "Ufalme. Alikuwa mufupi vile, na kandambili." Halafu, akiwa ameshageuka kumpakulia mwingine: "Kula, Mama Maneno. Inapoa."

Nilikula. Kinywa changu kilikuwa na kazi nyingine, na mara hii haikuwa dhambi.

Tulipokuwa tunaosha sufuria bombani, akaniuliza bila kuniangalia, "Jumatatu uko kazini?"

"Niko."

"Nitakuja kuangalia rido. Dirisha ya nane mpaka ya mwisho sikuzifikia."

*

Jumatatu saa nne asubuhi lango lilifunguka kabla hajalifikia. Théogène alisimama wima kando yake na hakumuuliza anamtafuta nani. Saidati alikuwa amevaa lile gauni la Idi. Mara hii mkoba wake ulikuwa na makasi.

Mkurugenzi wetu, Bibi Pulchérie, alikuwa kaunta pamoja nami, na mbele yetu wageni wawili walikuwa wakisubiri funguo. Mmoja wao alimtazama Saidati kuanzia viatu hadi mtandio, kisha akanitazama mimi, kwa lile swali ambalo halihitaji lugha. Bibi Pulchérie naye akanitazama, na nilijua alichotaka: nimtoe.

Niliinuka. 

"Karibu, Mama," nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya jukwaani. Kisha nikawageukia wageni na kuyasema yaleyale kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na kwa Kinyarwanda kwa ajili ya mkurugenzi, ili pasiwe na mtu wa kubahatisha: "Huyu ni mama yangu. Ndiye aliyeshona mapazia yote ya ukumbi huu. Amekuja kuyakagua, na atakunywa chai."

Bibi Pulchérie aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nikitoka nimwone ofisini.

"Nitakuja," nikasema.

Saidati alikuwa ameshapita. Kupitia kioo nilimwona akifika dirisha la kumi na mbili, akainama, akalishika pindo karibu na macho. Mhudumu alimkaribia na kikombe, akasimama.

Nilisoma midomo ya Saidati. Alikuwa anamwambia angoje.